Ukungu Uwe Mbele

Jumatatu, 6 Oktoba

Leo kioo kimevunjika, na kimevunjikia mikononi mwa mwenyewe.

Naandika ili Keren aje asome akishakuwa mkubwa, kwa hiyo nianze taratibu. Mimi ni keya wa Mama Gulbanu. Kila asubuhi napanda basi na mwanangu mpaka Kenton, huku huku London, namwogesha Mama, namlisha uji, namkalisha kwenye kiti cha dirishani. Moyo wake umechoka. Keren ana miaka mitatu. Wenyewe walisema nije naye, nyumba ichangamke. Mume wa Mama, Mzee Alnashir, alikuwa mpiga picha Mwanza, akaja kuwa mpiga picha hapa, mpaka macho yalipomharibikia katikati. Anaona pembeni tu. Akitaka kukutazama usoni anageuza kichwa upande, kama ndege. Wote wawili wana Kiswahili cha Mwanza, kimenyooka kuliko changu mimi wa Machame.

Basi leo Mzee kashusha kamera yake kubwa toka juu ya kabati. Ni ya mbao, ina ngozi ya kukunjika katikati kama kodiani, na nyuma yake kuna kioo chenye ukungu kama cha dirisha la bafuni. Picha inaangukia pale, kichwa chini miguu juu. Mpiga picha anajifunika kitambaa cheusi, anatazama kioo, anasogeza lenzi mpaka sura ikae sawa, halafu ndiyo anaweka filamu mahali pa kioo. Bila kioo unapiga kwa kubahatisha. Sasa skrubu zilikuwa zimelegea. Kikateleza, kikagonga ukingo wa meza.

Mzee alipiga magoti. Aliokota vipande kwa kupapasa mpaka nikamshika mikono.

Jumanne, 7 Oktoba

Mvua. Keren anakohoa kidogo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nesi anayekuja Alhamisi alinivuta jikoni akaniambia kwa upole tusipange mambo ya Krismasi. Nikasema sawa, kama vile kaniambia maziwa yameisha. Halafu nikaenda bafuni nikafungulia maji ili nisisikike.

Nilipokuwa namchana Mama nywele, nikamuuliza yeye kwa nini Mzee ana haraka na kamera ile. Mama akacheka kwa pumzi fupi. Anasema ukutani kumejaa maharusi wa watu na watoto wa watu, lakini yeye hayumo hata kwenye moja iliyopigwa na kamera ile. Kule studio ya Mwanza, yeye ndiye alikuwa anakalishwa kwenye kiti ili mumewe aweke lenzi sawa kabla mteja hajaingia.

"Miaka yote nimekaa kiti hicho, binti yangu," akasema. "Akishaniona vizuri, ananiambia ondoka."

Alisema bila uchungu, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Lakini Mzee alikuwa mlangoni na kikombe chake, na alisikia.

Ndiyo hivyo. Mzee anataka ampige Mama picha moja, kwa kamera ile, Mama akiwa bado yupo. Na kioo hakuna.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ziyad alikuja. Ni mtoto wao wa pekee, anafanya kazi ya kompyuta mjini. Kiswahili anakielewa chote lakini anajibu kwa Kiingereza, kama Keren atakavyokuwa, dalili nishaziona. Alikuta vipande vya kioo kwenye gazeti. Akamwambia baba yake imetosha. Ameshampata mtu wa kuichukua kamera, mkusanyaji wa vitu vya zamani, atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tano Novemba. Kama ni picha ya Mama, simu yake inapiga hata gizani. Mzee akamjibu kwamba simu inapiga kila mtu, hata mbwa wa jirani wamo mle.

Ziyad akanigeukia akasema nisimtie baba yake moyo. Kijana ana roho ngumu huyu. Mama yake yuko pale dirishani, yeye anafikiria kutoa vitu ndani ya nyumba.

Jumanne, 14 Oktoba

Jirani alikaa na Mama, sisi tukaenda Neasden, mimi na Mzee na Keren, kwa Alkesh fundi vioo. Karakana yake iko mtaa wa nyuma ya lile hekalu kubwa la Wahindu. Harusi ya Alkesh ilipigwa na kamera ile ile, kwa hiyo alitupokea kama wakwe.

Kaweka mezani vitu viwili. Cha kwanza si kioo, ni plastiki nyembamba iliyochorwa mistari ya duara, duara ndani ya duara, kama kitunguu kilichokatwa. Hiyo inakusanya mwanga, picha inawaka mpaka kwenye pembe. Cha pili ni kioo cha kawaida anachokisaga mwenyewe kwa unga na maji, kwa mkono. Akikisaga laini kinakuwa na mwanga kiasi, lakini sura inateleza, hujui imekaa au haijakaa. Akikisaga kwa unga wa kukwaruza kina giza, ila sura ikikaa, imekamata.

Mzee akauliza swali moja tu, kipi kina mwanga zaidi. Alkesh akasema plastiki. Mzee akasema basi plastiki.

Alkesh akanitazama mimi. Sijui kwa nini mimi.

Ijumaa, 17 Oktoba

Leo sikula mpaka jioni.

Plastiki ilifungwa asubuhi. Mama nikamkalisha dirishani na shali yake ya kijani, Mzee akaingia chini ya kitambaa. Akakaa humo mpaka nikaogopa. Halafu nikasikia sauti ndogo, ambayo sikujua kama anayo: "Gulu, nakuona."

Mama akajiweka vizuri shali. Keren naye akajipenyeza chini ya kitambaa, akatoka anasema kwa Kiingereza chake kwamba bibi ananing'inia kama popo. Tukacheka wote. Nilifurahi, nisiseme uongo. Tangu nianze kazi pale sijamwona Mzee na uso ule.

Halafu akanipa lenzi ndogo ya kukuzia, nihakikishe. Kwa mbali kweli palikuwa panawaka kama duka la simu. Nilipobandika jicho, nikaona mistari. Kila nikilitafuta jicho la Mama, mistari inanitangulia. Nikasogeza lenzi ya kamera mbele, nikairudisha, sikupata mahali pa kusema hapa ndipo.

"Unaona kope?" Mzee akauliza.

Ningesema ndiyo, angepiga, na siku ingeisha kwa furaha. Filamu zimebaki mbili tu kwenye boksi lake la zamani, na anasema saizi ile sasa ni ya kutafuta kwa tochi. Mama alikuwa ananitazama.

"Baba, naona mistari."

"Tazama vizuri."

"Nimetazama. Mwanga upo, lakini kope sizioni. Wewe unaziona?"

Akarudi chini ya kitambaa, akatoka, akarudi tena. Mama ndiye aliyesema, na kwa ukali ambao sikuutegemea kwenye kifua kile: "Alnashir. Mwambie mtoto kweli."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Akasema kope haoni. Hata jicho la Mama halioni. Anachoona ni mwanga na rangi ya shali, na anajua ni Gulu kwa sababu kiti kakiweka mwenyewe.

Mama alipolala, Mzee akaniambia nimpigie Alkesh. Nilikuwa nakunja shuka pembeni. Akamwagiza kioo, kile cha kukwaruza, chenye giza. Alkesh lazima alimuuliza kama atakiona, maana Mzee alijibu, "Mimi sitakiona. Saga kwa macho ya Mama Keren."

Nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumatatu, 20 Oktoba

Diwali. Alkesh kafunga karakana. Neasden yote taa, na sisi tunasubiri.

Alhamisi, 23 Oktoba

Miguu ya Mama imevimba, kiatu hakiingii. Nesi kaongeza dawa. Alkesh kafungua lakini ana maombi ya watu wengine mbele yetu. Ziyad kapiga simu mara mbili kuuliza kama baba yake ameanza kufungasha.

Jumapili, 26 Oktoba

Saa zimerudishwa nyuma kwa saa moja, kama kila mwaka huku baridi ikianza. Justin, mume wangu, anasema serikali imetupa usingizi wa bure. Yeye yuko sehemu ya kufulia hospitalini, usingizi kwake ni habari kubwa. Mimi nawaza dirisha la Kenton. Ikifika saa tisa pale huwezi hata kusoma kopo la dawa.

Jumatano, 29 Oktoba

Kioo kimekuja. Alkesh alikileta mwenyewe kimeviringishwa kwenye taulo, hakukaa hata kidogo. Mzee alikuwa juu na Mama, ambaye alikuwa anatapika maskini, akaniambia kwa sauti kutoka ngazini, "Kifunge wewe. Ukungu uwe mbele."

Upande mmoja unateleza, wa pili una ukungu, unakwaruza kidogo ukipitisha kidole. Nikakifunga. Nikahakikisha mara mbili ukungu uko mbele. Skrubu nilizikaza kwa ncha ya kisu. Nimerudi nyumbani najiona fundi, Justin kanicheka mpaka basi.

Alhamisi, 30 Oktoba

Tumepiga.

Mama hawezi tena kukaa peke yake, kwa hiyo Ziyad alichukua siku, akasimama nyuma ya kiti kumshikilia mabega. Alikuja amenuna. Alisema tufanye haraka, Mama anachoka. Nikaingia chini ya kitambaa. Kioo kina giza kweli, kama kuchungulia kisimani, na Mama kaning'inia mle ndani. Nikasogeza, nikasogeza. Mara kope moja ikajitokeza, na ya pili yake, kama zimechorwa kwa kalamu ya wino.

Nikasema nimezipata. Mzee akaweka filamu mahali pake, akabonyeza. Nilikuwa nimebana pumzi kuliko Mama.

Ijumaa, 31 Oktoba

Tuliziba dirisha la bafu la chini kwa mablanketi tukasafisha filamu. Mle gizani Mzee anarudi kijana. Mikono yake inajua kila chupa ilipo, mimi ndiye ninayegonga vitu. Ilipokauka akailaza juu ya karatasi ya picha, akaimulika, akaitia karatasi kwenye dawa, akaniambia nimweleze.

Mama hana macho. Uso wote ni moshi. Shali moshi. Lakini Ziyad, aliyesimama nyuma, kakamatwa kila unywele. Ameinamia utosi wa mama yake, midomo kaibana kama mtoto aliyekatazwa kulia. Na ile mikono haijakaa mabegani. Imesogea juu kidogo, haigusi, kama anaogopa atamvunja.

Nilimweleza Mzee yote isipokuwa ile mikono.

Akasema nimelenga mtu asiye yeye. Nikamwapia kwamba niliziona kope. Akasema kope za nani. Akasema labda na mimi macho yangu yameanza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Kwenye basi Keren aliniuliza kwa nini nalowesha nywele zake.

Jumamosi, 1 Novemba

Nilijua Ziyad atasema si niliwaambia. Aliichukua ile picha, akaitazama muda mrefu, akaigeuza uso chini juu ya friji.

Baadaye alinifuata jikoni. Kwa Kiingereza chake cha haraka akaniambia kwamba mwezi wa nane baba yake alijikwaa kwenye miguu ya stendi ya kamera akaanguka. Mama alikuwa kitandani, anaita, hawezi kuinuka. Walikaa hivyo, mmoja sakafuni mmoja kitandani, wakiongea kupitia ukuta, mpaka yeye alipotoka kazini. Tangu siku hiyo anataka sakafu iwe wazi. Hana haja na kitu kingine.

Na mimi nimeandika hapo juu kwamba ana roho ngumu. Siifuti. Keren asome, ajue mama yake alikuwa anahukumu watu haraka.

Lakini yule mkusanyaji bado anakuja.

Jumatatu, 3 Novemba

Nimepima macho. Mazima kabisa. Ningefurahi kama yangekuwa mabovu, angalau ningejua.

Jumatano, 5 Novemba

Fataki za sikukuu ya Waingereza tangu jioni. Mama alishindwa kuvuta pumzi asubuhi, gari la wagonjwa likamchukua. Nilimvalisha soksi wakiwa tayari wamemlaza kwenye machela.

Ijumaa, 7 Novemba

Hospitalini. Mama alinibana kidole tu.

Jumapili, 9 Novemba

Leo si siku yangu ya kazi lakini nilienda, Mzee yuko peke yake. Ziyad alikuwa hospitali. Nikamkuta Mzee amekaa na boksi, anataka nimsaidie kufungasha kamera kabla Jumamosi haijafika. Nikachukua kitambaa nikaanza kuifuta vumbi. Hatukuwa tunaongea. Nilipofika kwenye kioo, akauliza, nadhani kwa kujaza ukimya tu.

"Ulipokifunga, ukungu ulikuwa mbele?"

"Mbele kabisa, Baba. Hata sasa nausikia kwa kidole."

Akanyanyua kichwa. "Unausikiaje na wewe uko nyuma?"

"Nyuma ya nini?"

"Ya kamera."

"Mimi niko mbele. Nimeelekeana na kioo."

Akageuza kichwa upande, ananitafuta. "Mama Keren. Mbele ya kamera ni wapi?"

Nikamwambia ni hapa, kwenye kioo, unapotazamia. Hata kwenye simu, kamera ya mbele ni ile ya upande wa kioo, ile inayonitazama mimi. Ya nyuma ndiyo inayotazama watu.

"Kwangu," akasema polepole, "mbele ni kule inakotazama."

Akanieleza kwa mikono yake miwili. Filamu inakaa ndani, pale pale ambapo ukungu ulitakiwa ukae, umeelekea lenzi. Mimi niliuweka nje. Kwa hiyo sura niliyoiona imekaa sawa ilikaa unene mzima wa kioo nyuma ya pale filamu ilipo. Unene huo, ambao ni mdogo kama ukucha, ndio uliomruka Mama ukamwangukia aliyesimama mgongoni kwake. Macho yangu hayakukosea. Kope nilizoziona zilikuwa za Mama kweli.

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani, halafu ikawa si kicheko tena. Anasema angepitisha ukucha wake mara moja tu pale kwenye kioo angejua, lakini hakutaka kukigusa, maana alishasema hakioni.

Tumekigeuza. Filamu imebaki moja. Na Mama yuko wodini.

Jumanne, 11 Novemba

Wamemrudisha. Hawakusema amepona, walisema anataka kwake. Kimeletwa kitanda cha hospitali, kikawekwa sebuleni, na hapakubaki hata pa kupita na kikombe. Nikasema basi, stendi haina mahali.

Ziyad hakumwuliza mtu. Alilishika kochi upande mmoja, akaniambia nishike wa pili, tukalitoa nje likakaa kwenye mvua.

Jumatano, 12 Novemba

Wingu zito, hakuna mwanga. Mama kalala siku nzima.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa tano wingu likapasuka kidogo. Mama akafumbua macho, nikamfuta uso, nikapandisha kitanda akakaa. Hakuna aliyemwambia, yeye mwenyewe akanyoosha mkono kutaka shali.

Nikaingia chini ya kitambaa. Mle ndani nilimwona mdogo, kaning'inia, kifua kinapanda na kushuka, na kila kikipanda kope zinapotea, kikishuka zinarudi. Nilijua lazima tupige kikiwa chini. Kikohozi kimoja tu, na filamu imekwenda. Ziyad alimbana Keren mapajani ili sakafu isitikisike.

Mzee hakuwa na pa kukaa. Zamani yeye ndiye alikuwa chini ya kitambaa. Akavuta kigoda akakaa kando ya lenzi na ule waya wa kubonyezea mkononi, anamtazama mkewe kwa pembe ya jicho. Nikasikia Mama anasema, kwa pumzi ya vipande vipande, kwamba Mzee amenyolewa vibaya, ndevu zimebaki shavu la kushoto. Mzee akasema yeye ni kipofu, amlaumu kinyozi. Mama akasema si hilo tu.

"Kumbe ukifanya kazi unatoa ulimi," akamwambia. "Miaka yote umejificha mle kitambaani, mimi sijui."

Nikafunga lenzi, Ziyad akanipa filamu, nikaiweka, nikavuta kifuniko chake. Nikasubiri kifua kipande. Kikashuka.

"Sasa, Baba."

Akabonyeza.

Mama alilala kabla sijarudisha kifuniko.

Ijumaa, 14 Novemba

Tulisafisha mimi na Mzee, na Ziyad akasimama mlangoni mwa bafu kuzuia mwanga usipenye. Karatasi ilipokuwa kwenye dawa nilitazama kwingine kwanza, nikamwomba Mungu, halafu nikatazama.

"Nieleze," Mzee akasema.

Nikamwambia kope zipo, za juu na za chini, zinahesabika. Nikamwambia kuna uzi umechomoka kwenye shali na nauona uzi. Midomo yake imefunguka kidogo kwa sababu alikuwa anamchamba mtu.

"Na macho? Yako kwenye lenzi?"

Nikasita. "Hayako kwenye lenzi, Baba."

Uso ukamshuka. Akauliza kama amesinzia, au ametazama mlangoni. Akasema kwa kujikaza kwamba haidhuru.

"Ametazama kando ya lenzi," nikamwambia. "Pale ulipokuwa umekaa. Anakutazama wewe."

Aliomba nimwonyeshe ni wapi. Nikashika kidole chake nikakiweka juu kidogo ya karatasi, bila kugusa, maana ilikuwa bado mbichi. Akakaa hivyo. Halafu akaichukua kwa ncha mbili, maji yanadondoka sakafuni, akampita Ziyad mlangoni, akaenda nayo sebuleni. Nikasikia kigoda kinavutwa karibu na kitanda, na sauti yake inaanza kumweleza Mama jinsi alivyotoka.

Ziyad alichukua simu akaenda nje kwenye kochi lililolowa. Nilimsikia anamwambia yule mkusanyaji asije kesho.

Mimi nikamvalisha Keren koti.